Laki tano za Machame: zimeteketea au zimenunua kitu?

"Mangi, laki tano imeteketea."

Jamaa yangu ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani. Tulikuwa mgahawani, karibu na mnara wa saa, Moshi, akanigeuzia simu. Ripoti ya Google ilionyesha kliki 100 za tangazo la neno moja la utafutaji, yaani maneno ambayo mtu huyaandika Google: "bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame". Kila kliki dola 2, jumla dola 200, ndiyo hiyo laki tano ya shilingi. Waliolipia safari: sifuri. Na kusema kweli hakuweka tangazo lile ili apate wageni. Alitaka kujua kama neno hilo linastahili kuandikiwa kurasa kwenye tovuti yake, ili baadaye Google imwonyeshe bure. Sasa alikuwa amelikata kwenye daftari kwa mistari miwili. "Machame haina kitu."

Hapa Moshi, na Arusha vilevile, ukisema umelipia tangazo ili kupima neno tu, wenzako wa utalii wanakuangalia kama mtu aliyenunua gunia zima la mchele ili aonje kijiko.

Hoja zao si za kupuuza. Nzito kuliko zote ni kwamba tangazo linakuonyesha kama neno lina wateja, halikuonyeshi kama utalifikia. Kwenye matokeo ya bure ya "kupanda Kilimanjaro" (wageni wengi huandika kwa Kiingereza, hapa nayaweka kwa Kiswahili) unakutana na mawakala wakubwa wa Ulaya na Marekani wenye tovuti za miaka mingi. Unaweza kutumia dola 200 kuthibitisha kuwa neno ni zuri, kisha ukaishia ukurasa wa tano. Tena wapo watafutaji wasiogusa tangazo kabisa, kwa hiyo uliowapima si wote utakaowapokea. Na tangu 2018, hata ukichagua neno lilelile tu, Google inaweza kuonyesha tangazo lako kwa maneno yenye maana hiyohiyo. Unadhani unapima neno moja, kumbe ni mchanganyiko.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kusema hela imeteketea, kwa sababu njia ya bure nayo ina bei, ila haitoi risiti. Ukurasa mzuri wa Lemosho, njia nyingine ya kupanda Kilimanjaro, unataka mwandishi anayejua siku ya nane inamsaidia nini mgeni asiyezoea mwinuko, unataka picha zenu wenyewe, halafu unataka miezi ya kungoja. Wazee wetu waliijua hesabu hiyo kwenye kahawa. Mche unakaa miaka mitatu au zaidi kabla ya mavuno ya maana, na hakuna aliyeuchimbia shimo bila kuuliza ni mbegu gani.

Zamani jibu la neno gani linaleta wateja lilikuwa bure. Takwimu za tovuti zilikuonyesha neno lililomleta mgeni. Mwaka 2011 Google ikaanza kulificha kwa walioingia kwenye akaunti zao, na 2013 ikalificha kwa karibu watu wote. Search Console, chombo cha bure cha Google kwa wenye tovuti, bado inakupa maneno na idadi ya kliki, lakini haikwambii ni neno gani lilimleta Mjerumani aliyeulizia bei jana usiku. Ripoti ya tangazo la kulipia, ukiwa umeiunganisha na fomu ya maulizo kwenye tovuti yako, inakwambia.

Turudi kwenye ile sifuri, maana ndiyo iliyonikera. Tuseme neno ni zuri kweli, na kwa wastani kila kliki 100 huzaa mgeni mmoja anayelipa. Ukinunua kliki 100, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni 0.99 iliyozidishwa yenyewe mara 100, yaani karibu asilimia 37. Kampuni mia zikifanya jaribio la jamaa yangu kwa neno hilohilo zuri, kama 37 zitarudi zikisema Machame haina kitu. Zaidi ya theluthi! Watakata neno, wataandika kurasa za kitu kingine mwaka mzima, na hakuna atakayewaambia walikosea wapi. Ili sifuri ianze kuwa na uzito unahitaji kliki kama 300, ambapo uwezekano huo unashuka hadi asilimia 5. Hizo ni dola 600, na hapo mwenye kampuni ya gari moja anazima simu.

Lakini nani kasema lazima uhesabu waliolipa? Mgeni wa Kilimanjaro halipi siku anayokuona. Anauliza, analinganisha, anapotea, wiki kadhaa baadaye anaibuka WhatsApp, na tangazo halipati sifa yoyote. Hesabu hatua ya karibu: nani amefungua jedwali la bei, nani amegusa kitufe cha WhatsApp. Kama neno zuri humfikisha hapo mtu mmoja kati ya 10, basi kliki 30 bila hata mmoja ni jambo la asilimia 4 tu. Hizo ni dola 60. Anayegusa kitufe si lazima alipe, najua, ila hiyo ni sifuri unayoweza kuisikiliza.

Nikamwomba afungue orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika wenyewe. Tangu 2020 Google inaficha sehemu ya orodha hiyo, lakini iliyobaki ilitosha. Mmoja alitaka kujua urefu wa mlima. Watatu walitafuta kazi ya upagazi. Ishirini na wawili waliuliza kati ya Machame na Lemosho ni ipi yenye watu wachache, na kwa kuwa hakuwa na ukurasa wa swali hilo, wote waliangukia kwenye bei.

Alikaa kimya kidogo. Chini ya ile Machame iliyokatwa akaandika "Machame au Lemosho, watu wachache", akapiga mstari chini yake.

"Na hawa wa upagazi," akauliza, "tunawatoaje wasinile dola zangu?" Nikamwonyesha pa kuzuia neno.