Mustang, Merlin na kesi ya injini ya Allison

Mazungumzo kuhusu Mustang, ndege ya kivita ya Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, huishia kwenye hukumu ileile: Wamarekani waliunda bodi safi wakaifunga injini mbovu ya Allison, hadi Waingereza walipoinusuru kwa Merlin ya Rolls-Royce. Naipinga hukumu hiyo, ingawa si yote.

Injini zenyewe zinakaribiana mno. Zote ni V ya silinda 12. Allison V-1710 ina ujazo wa lita 28, Merlin lita 27. Mustang za kwanza za Allison zilizoingia kazini Uingereza mwaka 1942 ziliiacha Spitfire Mk V, ndege ya kivita ya Uingereza, kwa kasi kwenye vimo vya chini, na marubani wa upelelezi walizipenda. Balaa lilianza zikipanda mita 4,500 hivi. Hapo nguvu ilipungua, na kila mita iliyoongezeka ilizidi kuzinyima pumzi.

Kiini ni hewa. Ukifika mita 6,700, lita moja ya hewa ina takriban nusu tu ya uzito iliyokuwa nao usawa wa bahari, na injini inayopata hewa nusu haiwezi kuchoma petroli yote. Supachaja ndiyo dawa: feni inayozungushwa na injini yenyewe kupitia gia, ikishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Allison ya Mustang ilikuwa na feni moja yenye mwendo mmoja. Merlin 61 ilikuwa na feni mbili zilizofuatana, gia za mwendo wa aina mbili, na kipoza hewa. Kipoza hicho hakikuwa pambo. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Nyuma ya kazi hiyo alikuwepo Stanley Hooker, mtu wa hesabu aliyejiunga na Rolls-Royce mjini Derby mwaka 1938, akazipiga upya hesabu za mtiririko wa hewa ndani ya supachaja.

Mustang yenye Merlin iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 1942. P-51B, toleo la Mustang lililotokana nayo, ilifikia karibu kilomita 700 kwa saa kwenye mita 9,000, kimo ambacho ile ya Allison isingethubutu kupigana.

Je, Wamarekani hawakuliona hili? Waliliona mapema, ila waliweka dau lao kwingine. Supachaja ya gia hula nguvu ya injini ileile inayoisaidia, na kimo kikizidi hula mamia ya nguvu za farasi. Tabo, yaani feni nyingine ya kushindilia hewa, huendeshwa na moshi wa ekzosi ambao ungepotea bure. Jeshi la Marekani likaamua kwamba kazi ya juu ifanywe na tabo, na feni ya Allison iwe msaidizi wake tu. P-38, ndege nyingine ya kivita ya Marekani yenye Allison, ilipewa vyote viwili. Lakini tabo na mabomba yake hutaka nafasi, na tumbo nene la P-47, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, linatokana kwa sehemu na mzigo huo. Mustang haikuwekewa tabo. Allison ikapelekwa angani ikiwa na nusu ya vifaa vyake, kisha ikalaumiwa kwa nusu iliyokosekana.

Na feni kubwa nayo ina gharama. Waingereza wenyewe walipunguza kipenyo cha feni za baadhi ya Spitfire Mk V ili zipate nguvu zaidi chini. Wasovieti walipokea maelfu ya P-39, ndege za kivita za Marekani zenye Allison isiyo na tabo, na Aleksandr Pokryshkin, mmoja wa marubani wao mahiri kabisa, alipigana nazo. Upande wa mashariki vita vya angani vilipiganwa chini zaidi, kwa hiyo udhaifu wa juu haukuwaumiza sana.

Hata hivyo, watetezi wa Allison hujisahaulisha mambo mawili. Kwanza, P-38 yenye tabo ilisumbuliwa vibaya juu ya Ulaya katika majira ya baridi ya 1943 na 1944: baridi kali na injini kufeli, wakati ndege za mabomu zilihitaji ulinzi kwenye kimo hichohicho. Pili, Allison ilikuja kupata feni ya pili. Baada ya vita F-82, Mustang ya bodi pacha, ilitoka kiwandani na Allison za aina hiyo, na bado ilikuwa nyuma ya F-82 za mwanzo zenye Merlin kwa kasi na kwa nguvu ya juu.

Hilo la pili ndilo lenye uzito kwangu. Silinda, shafti na pistoni za Allison hazina kesi ya kujibu. Lawama ya 1942 ni ya waliopanga mashine nzima. Lakini F-82 inaonyesha kwamba kuongeza feni hakukutosha, na ubora wa Merlin ulikuwa kwenye namna hewa ilivyopitishwa na kupozwa, kazi ambayo Derby waliifanya vizuri kuliko Allison.