Dujiangyan: kusifia mto usio na bwawa huku bwawa likiwa juu yake

Dujiangyan, skimu ya umwagiliaji iliyoanzishwa na gavana Li Bing mkoani Sichuan, China, karibu mwaka 256 KK, husifiwa kwa jambo moja: inagawa maji ya mto Min bila bwawa, kwa hekima ya Kitao (yaani ya Utao, dini na falsafa ya Kichina) ya kutoshindana na maji. Mlima Qingcheng, ambako Utao ulikita mizizi, uko jirani, na mwaka 2000 UNESCO iliviorodhesha vyote viwili kama urithi mmoja. Lakini Zhang Daoling, mwanzilishi wa Utao wenye makuhani, alifika Qingcheng karibu miaka 400 baada ya Li Bing. Watao walikuja kumtunzia Li Bing hekalu. Mfereji hawakuuchora wao.

Aliyeuchora aliusoma mto. Ncha ya tuta, iitwayo Yuzui, yaani mdomo wa samaki, inaupasua mto kuwa mikono miwili pale unapokunja kona. Mto wa ndani ni mwembamba na wa kina, wa nje ni mpana na wa kina kifupi. Maji yakiwa machache, mto wa ndani hupata takriban asilimia 60 ya maji. Mafuriko yakija, mgawo hugeuka. Kwenye kona, maji ya juu, yaliyo safi, husukumwa ukingo wa nje wa kona, uliko mto wa ndani. Ya chini, yenye kokoto, huvutwa upande wa pili. Mashapo, yaani mchanga na kokoto, yanayoponyoka hutupwa nje juu ya kizingiti cha Feishayan, kwa kuwa mlango wa Baopingkou unaopeleka maji mashambani, uliochongwa mwambani kwa upana wa mita 20 hivi, haumezi maji yote ya mafuriko.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kokoto hazitoki zote. Kila majira ya baridi mto ulizibwa kwa macha, yaani magogo matatu yaliyofungwa pamoja juu na kukandamizwa kwa mawe, kisha mikeka na udongo. Wachimbaji walishuka hadi wavikute vyuma vilivyozikwa kwenye kitanda cha mto, yaani sakafu yake: hicho ndicho kipimo. Ukiishia juu yake, Baopingkou hukosa maji wakati wa kupandikiza mpunga. Kizingiti nacho kikiinuliwa mno, mchanga hubaki ndani. Agizo la zamani linasema yote mawili: chimba kitanda kina, jenga kizingiti chini.

Wengi walichoshwa na kazi hiyo. Tuta la asili lilikuwa matenga ya mianzi yaliyojazwa mawe ya mto. Mianzi huoza, matenga hubadilishwa. Mwaka 1335 maofisa wakaweka kobe wa chuma, baadaye enzi ya Ming ikaweka ng'ombe wa chuma. Yote yalisombwa. Maji hula kitanda chini ya ncha. Kitu kigumu huning'inia kisha hupinduka, ilhali tenga hulalia shimo na kuliziba.

Wanaotetea kujenga kwa zege badala ya matenga wana hoja nzito. Oktoba 1933 ziwa lililozibwa na tetemeko la Diexi lilipasuka na kusomba kazi yote. Hakuna tenga lingehimili. Baada yake Yuzui ikajengwa kwa zege, na mwaka 1974 mto wa nje ukawekewa malango. Eneo linalomwagiliwa limepanda kutoka hekta 190,000 hivi mwaka 1949 hadi zaidi ya 660,000. Mto peke yake, bila bwawa, hauwezi kulisha eneo hilo majira ya machipuko, maana wakati huo maji ni haba. Bwawa la Zipingpu, mita 156 kwa kimo, kilomita chache juu, linayahifadhi.

Nakubali Zipingpu. Bwawa la pili, Yangliuhu, mita 1,310 tu kutoka Yuzui, lilikataliwa na umma na kufutwa Agosti 2003, na nadhani ilikuwa haki: lingekaa karibu mno na pale ambapo kona hufanya kazi yake. Tetemeko la Mei 2008 lilipasua Yuzui na kuangusha baadhi ya mahekalu ya Qingcheng, lakini maji yaliendelea kugawanyika.

Hofu yangu ni nyingine. Zipingpu linazuia kokoto zinazotoka juu. Maji yasiyobeba mashapo huchimba kitanda, na ncha ya sasa ni zege, si matenga. Kwa hiyo haitoshi tena kutumia vile vyuma kupima mashapo yaliyojaa juu yake. Lazima pia kitanda kipimwe kila mwaka mbele ya Yuzui, kuona kimeshuka kiasi gani chini ya msingi.