Inchi Kumi na Mbili za Nani?

Mtu gari lake likiharibika, mtaa mzima humpa pole. Friji ikizima, pole. Mimi nina seti kuukuu ya dramu inayotaka kuwambwa ngozi mpya, na kila nikipita barazani naulizwa, "Harusi ya nani?" Nikisema hakuna harusi, watu wananuna, eti nimewanyima pilau.

Seti yenyewe ni ya Uingereza, ya miaka ya 1960, na ilikuwa ikipigwa hotelini huko ufuoni, pwani ya kaskazini. Sauti yake usiniulize, asali. Shida ni kuifungua. Watu wa bara hawajui kutu, wallahi. Hapa Mombasa upepo wa bahari unakula grili za madirisha, unakula mabati, seuze vijiskurubu vilivyoonja mafuta mara ya mwisho kabla mimi sijaota ndevu. Tena vichwa vyake ni vya mraba, vinataka ufunguo wake maalumu. Ufunguo huo uulizie pale Mwembe Tayari uone. Nimeletewa spana ya baiskeli, nikaletewa ufunguo wa kufuli, na kijana mmoja mwenye heshima zake akaniletea kifungulia soda. Mwishowe nimeviloweka vyote kwenye mafuta ya taa, ndani ya sufuria. Sufuria ya nani, tusiingie huko.

Na ushauri je! Ushauri hapa mjini ni bure kuliko maji. "Si uwambe ngozi ya mbuzi tu, mzee?" Bwana we, hata wazungu walikuwa huko huko. Mpaka miaka ya 1950 dramu zao ziliwambwa ngozi ya ndama, na hewa ikipata unyevu ngozi inalegea, ngoma inalia bwa-bwa-bwa. Ndipo huko Marekani wakatokea akina Chick Evans na Remo Belli na ngozi za plastiki, na huyo Belli kampuni yake akaifungua mwaka 1957. Leo wewe uniambie mimi, katikati ya masika, kuta zenyewe zinatoka jasho, niwambe mbuzi? Ili kila baada ya wimbo nisimame niwashe moto nioteshe ngoma? Wapigaji wa chapuo wana ua wa kuwashia moto. Mimi nakaa ghorofa ya tatu.

Haya, nikanunua za plastiki. Ngozi imeandikwa inchi 12, tomtomu yangu, ile ngoma ya seti inayokaa juu ya ngoma kubwa, ya inchi 12. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Naipachika, haishuki. Imekaa juu juu kama kofia ya mtoto kichwani mwa mzee. Nasukuma huku, inainuka kule. Naibonyeza kwa viganja vyote viwili, inaniangalia tu.

Kumbe Waingereza wale, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, wengine wao dramu walizoziita za inchi 12 zilikuwa zimezidi kidogo, nyongeza ya milimita chache tu, lakini ya kutosha kunitoa roho. Baadaye wakaja kufuata vipimo vya Marekani, zile za zamani wakatuachia sisi. Na hawa ndio waliotufundisha inchi! Ingawa nilipaswa kuwashuku mapema: mwaka 1896 walianza kujenga reli hapa hapa Mombasa, na inchi zao mdomoni, halafu upana wa reli wakaupima mita moja kamili.

Nikarudi dukani. Muuzaji hata hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, inchi ni inchi. Dramu yako ndiyo imevimba."

"Imevimba?"

"Unyevu."

Na pesa hazirudi, kwa kuwa karatasi nimeshaichana.

Nikamwendea fundi wa mageti, Majengo, nikitaka fikra zake tu. Akaizungusha tomtomu, akaigonga, akawasha grainda. "Tuisage kidogo pembeni, itaingia yenyewe." Niliinyakua nikaipakata. Ule ukingo wa mbao ndio unaobeba ngozi. Ukipata bonde hata dogo, ngoma hailii tena, inakohoa. Nimeulaza juu ya kioo cha meza, nikamulika tochi ndani, mwanga haupenyi popote. Miaka yote hiyo umenyooka, leo mtu wa mageti aje aulainishe!

Snea, ile ngoma ya seti yenye nyaya chini, afadhali, yenyewe ilikubali ngozi. Basi akaingia shemeji kusaidia. Kuwamba ngoma kuna utaratibu: unakaza skurubu kwa vidole kwanza mpaka zote ziguse, kisha unachukua ufunguo, nusu mzunguko hapa, unavuka upande wa pili unaoelekeana, nusu mzunguko, hivyo hivyo mpaka ngozi ivutike sawa. Unagonga karibu na kila skurubu, zote zitoe sauti moja. Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na shemeji ameipokea methali ile kama maelekezo ya kazi. Alianza na skurubu iliyo mbele ya tumbo lake, akaikaza mpaka mshipa ukamtoka shingoni, akafuata ya jirani. Upande wake ngozi inalia ting, upande wangu inalia bo. Akasimama akajipangusa jasho. "Sasa hii shemeji, inasema."

Inasema nini, sikumuuliza, maana amekuja kwa nauli yake na dadaye yuko jikoni anatafuta sufuria.

Ngozi za vipimo vya zamani zipo, bado zinatengenezwa, ila ni za kuagiza ng'ambo. Nikampigia binamu yangu aliye London, nikamweleza vipimo kwa utaratibu, mpaka kwa milimita. Akanyamaza weee, nikadhani laini imekatika. "Kwani Mombasa," akaniuliza, "ngoma zimekwisha?"

Hivyo tomtomu ipo pale kwenye korido, mdomo wazi. Jana jirani wa chini amepanda ngazi pole pole, akaiinamia, akatia mkono ndani akapapasa. Mama mtu mzima, simwezi kwa maneno.

"Mwanangu, hii utaitumia karibuni?"

"Nangoja ngozi, mama, kutoka Uingereza."

"Basi nipe mpaka ije. Nina kuku anataka kuatamia."