Ndio, La, na Waliokosa Kuonekana

Tangu Juni 2024 hakuna mbunge wa Kenya anayeepuka swali hili: ulipiga kura gani kwa Mswada wa Fedha, ule wa kila mwaka unaopanga kodi na ushuru? Anaulizwa matangani, anaulizwa redioni, anaulizwa chini ya kila picha anayoweka Facebook akikabidhi hundi ya basari. Tarehe 25 mwezi huo, wabunge 195 waliuunga mkono mswada katika hatua ya mwisho, 106 wakaupinga na kura 3 zikaharibika. Muda mfupi baadaye waandamanaji waliingia ndani ya Bunge, na wenzao walikuwa wameanguka kwa risasi barabarani nje ya lango. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia sahihi. Mswada ukafa, lakini orodha ya majina ikabaki hai, na bado inapitishwa kutoka simu hadi simu.

Je, ni haki kumpima mbunge kwa orodha hiyo? Nadhani ni haki, na nitasema kwa nini. Lakini wanaoipinga wana hoja ambazo hatujazijibu vizuri, na baadhi ya wanaoitumia hawajaisoma yote.

Nianze na sababu ya kuithamini. Karibu kila kitu ambacho mheshimiwa hujisifia huko eneobunge kina mikono mingine ndani yake. Basari zinatoka NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ambazo ni pesa za umma na zina kamati yake. Barabara ina mamlaka yake na mkandarasi wake. Hata hotuba kali Bungeni inaweza kuwa imeandikwa na msaidizi. Kura ni yake peke yake. Hakuna anayeweza kumpigia, wala hawezi baadaye kusema ilikuwa kazi ya ofisi. Kwa miaka mingi tumewapima wabunge kwa michango ya harambee na kwa wingi wa matanga waliyohudhuria, huku kazi ambayo Katiba imewapa katika kifungu cha 95, yaani kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuikagua serikali, ikipita bila mtu kuuliza. Vijana wa Gen Z walilazimisha swali hilo liulizwe. Walisambaza nambari za simu za wabunge, wakawaandikia ujumbe hadi simu zikajaa, na kwa mara ya kwanza wazazi wengi vijijini wakajua kwamba mbunge wao ana rekodi inayoweza kusomwa.

Hoja ya kwanza ya upande wa pili ni kwamba mswada ni furushi. Ule wa 2024 ulikuwa na makumi ya vipengele, na mbunge hupewa majibu mawili tu kwa furushi zima. Hoja hii ina uzito. Siku saba kabla ya kura ya mwisho, yaani tarehe 18 Juni, Kamati ya Fedha ilitangaza kwamba VAT ya asilimia 16 kwa mkate imeondolewa, pamoja na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari. Mabadiliko hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Shinikizo la barabarani lilichangia pakubwa, lakini ilibidi kuwe na wabunge ndani ya chumba cha kamati waliokubali kuyaandika. Mbunge aliyekesha akipigania kipengele kimoja kiondolewe, kisha akaunga mkono kilichobaki, yuko kwenye safu ileile na mwenzake ambaye hakufungua hata ukurasa wa pili. Orodha haiwatofautishi.

Hoja ya pili ni chama. Mbunge anayekwenda kinyume na kiranja wake, yaani msimamizi wa nidhamu ya chama Bungeni, anaweza kuondolewa kwenye kamati, na nje ya kamati mbunge ana nafasi finyu sana ya kubadilisha chochote. Hapa huruma yangu ni ndogo. Aliyeomba kura alijua anajiunga na chama gani, na wananchi hawakumtuma Nairobi kulinda kiti cha kamati. Hata hivyo ni kweli kwamba kura ya Ndio ya mwanachama wa chama tawala na kura ya La ya mwanachama wa upinzani, mara nyingi, zinatuambia zaidi kuhusu chama kuliko kuhusu mtu. Majina yanayostahili kusomwa kwa makini ni ya wale waliovuka mstari. Huyo wa serikali aliyesema La alilipa gharama. Huyo wa upinzani aliyesema Ndio ana maelezo ya kutoa.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, na sioni ikijadiliwa ipasavyo. Kura ya wazi inasomwa na wengi, na mwananchi ni mmoja tu wao. Ikulu nayo inasoma. Mwaka 2023, wakati Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipokuwa ukipingwa kwa sababu ya ushuru wa nyumba, yaani makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu, Rais mwenyewe alitaka hadharani kura iwe ya wazi ili wanaopinga wajulikane. Mswada ule ukapita kwa kura 184 dhidi ya 88. Kwa hiyo chombo kilekile tunachokisifu kwamba kinamfanya mbunge awaogope wapiga kura wake kinaweza pia kumfanya amwogope mwenye mamlaka ya kumnyima mradi. Kuna watu waungwana wanaosema kwa sababu hiyo kwamba kura za miswada mikubwa zifanywe kwa siri, mbunge abaki na dhamiri yake.

Nimelipima pendekezo hilo na ninalikataa. Kura ya siri ingempa mbunge nafasi ya kuahidi La kijijini na kupiga Ndio mjini, kisha asionekane na yeyote. Wenye nguvu wana njia nyingi za kujua nani alifanya nini: viranja, mikutano ya faragha, ahadi zinazofuatiliwa. Mwananchi ana njia moja tu, na ni hiyo orodha. Ukiificha, unamnyima aliye dhaifu kisha unamwachia mwenye nguvu njia zake zote. Hofu ya Ikulu ipunguzwe kwa njia nyingine, kwa mfano kuhakikisha barabara na stima hazigawanywi kama zawadi ya utiifu.

Sasa nije kwenye yale ambayo orodha yenyewe inaficha. Kenya ina wabunge 349 katika Bunge la Taifa, bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa kike wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Jumlisha 195, 106 na zile 3 zilizoharibika. Unapata 304. Zaidi ya wabunge 40 hawakupiga kura katika jambo kubwa kuliko yote lililofika mbele yao muhula huu. Linganisha na kura ya tarehe 20 Juni, mswada uliposomwa kwa mara ya pili: 204 waliunga mkono, 115 wakapinga. Katika siku tano kila upande ulipungukiwa na kura 9. Baadhi wana sababu nzuri, ugonjwa au safari ya kikazi. Lakini kuna waliohesabu kwamba Ndio ingewachoma nyumbani na La ingewachoma chamani, wakaona heri wasionekane. Wamefanikiwa. Hasira yote ilielekezwa kwa 195, na biashara za baadhi ya wabunge zikavamiwa na kuporwa, jambo ambalo haliwezi kutetewa kwa vyovyote. Huyu wa safu ya tatu, asiye na Ndio wala La, hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Mimi naona ana deni sawa na hao wengine, pengine kubwa zaidi, kwa sababu aliyepiga Ndio angalau alisimama pale akaonekana.

Katiba haisaidii sana hapa. Kifungu cha 103 kinasema mbunge hupoteza kiti akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika na bila maelezo ya kuridhisha. Mbunge mjanja anaweza kuhudhuria vikao vyote vya kawaida na kukosa siku moja tu katika mwaka, siku ile yenye maana.

Halafu kuna zile kura ambazo hazina orodha kabisa, na ndizo nyingi. Kwa kawaida Spika huuliza wanaokubali waseme Ndio, wanaokataa waseme La, kisha anaamua kwa kusikia sauti zipi zimezidi. Ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya siku kama hiyo utakuta mstari mmoja ndani ya mabano kwamba hoja ilitolewa na kukubaliwa. Hakuna jina. Ili majina yaandikwe, ni lazima mbunge mmoja adai hesabu na wenzake wasiopungua 30 wasimame kumuunga mkono. Hapo ndipo kengele inapolia, milango ikafungwa, na kila mmoja akaandikwa upande wake. Siku hiyo Hansard inabeba kurasa za majina, na ndizo kurasa zilizosambaa 2024.

Mwaka uliofuata hazikuwepo. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipita Juni kwa kura ya sauti. Ulikuwa mwepesi kuliko wa mwaka uliotangulia, na kile kipengele ambacho kingeipa mamlaka ya ushuru njia ya kuingia katika data za siri za wafanyabiashara na wateja wao kilikuwa kimeondolewa kamatini, kwa hiyo simlaumu kila aliyesema Ndio. Isitoshe, mnamo Machi mwaka huo Ruto na kiongozi wa upinzani Raila Odinga walikuwa wametia sahihi mkataba wa ushirikiano, na upinzani ndani ya ukumbi ukawa umenyauka. Lakini matokeo kwa mpiga kura ni haya: akitaka kujua mbunge wake alisema nini kuhusu ushuru wa 2025, hakuna pa kutazama. Kinyume chake, hoja ya kumng'oa Naibu Rais Rigathi Gachagua mnamo Oktoba 2024 ina hesabu kamili, 281 dhidi ya 44 na mmoja aliyejizuia, kwa sababu ilihitaji thuluthi mbili ya wabunge wote. Yaani tuna kumbukumbu safi ya vita vya wanasiasa wao kwa wao, na ukimya juu ya pesa zinazotoka mifukoni mwetu kila mwezi.

Wapo wanaosema tuache kura, tupime shughuli. Shirika la Mzalendo, lililoanza 2005 kama tovuti ya kufuatilia Bunge, hutoa ripoti kila mwaka ikionyesha nani alizungumza zaidi na nani alikaa kimya. Kazi hiyo ni ya maana, na aibu ya kutajwa miongoni mwa walionyamaza imewaamsha wengi. Ila chanzo chake kikuu ni Hansard ya ukumbini, na kazi nzito ya Bunge iko kamatini. Mbunge anaweza kusimama mara mia kutoa rambirambi na kupongeza timu ya soka, akaonekana hodari. Mwenzake anakaa wiki nzima katika Kamati ya Hesabu za Umma akimbana katibu wa wizara kuhusu hati za malipo zilizopotea, akaonekana bubu. Idadi ya miswada nayo inapotosha. Mswada wa mbunge wa kawaida ukigusa matumizi ya fedha, kifungu cha 114 kinaufanya usubiri pendekezo la kamati husika, ambayo nayo huzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Mingi hukwama hapo, na mwenye mswada hana kosa.

Kwa hiyo nisome nini, mimi mpiga kura? Ningeanza na kura za majina, hasa za fedha, na kutafuta jina katika safu zote tatu. Kisha ningefungua ripoti ya kamati yake. Mwishoni mwa ripoti hizo huwa kuna kumbukumbu za vikao na orodha ya sahihi za walioipitisha. Ni kurasa kavu, zimepigwa chapa na kuskaniwa vibaya, lakini zinaonyesha nani alikuwepo siku ambayo wananchi walikuja kutoa maoni na nani alitokea siku ya sahihi tu. Yule aliyepiga Ndio akidai alipigania mabadiliko kamatini, hapo ndipo tutakapojua kama anasema kweli. Utetezi wake ninaukubali, ila auonyeshe.

Mzigo huu unamwangukia mpiga kura kwa sababu njia nyingine imeziba. Kifungu cha 104 kinatupa haki ya kumwita mbunge nyumbani kabla ya muda wake kwisha, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta sehemu muhimu za sheria iliyoweka utaratibu wa kufanya hivyo, kwa kuwa masharti yake yalifanya haki hiyo isitumike. Bunge halikuharakisha kuandika mapya. Hivyo tunasubiri uchaguzi mkuu wa Agosti 2027.

Wagombea watakuja na fulana, leso na ahadi za visima. Ningependa kila mmoja aulizwe jambo moja mbele ya watu, na jibu lake lirekodiwe kwa simu: Mswada wa Fedha ukifika mwezi Juni na chama chako kikitaka upite kwa sauti tu, utakuwa miongoni mwa wale 30 watakaosimama kudai majina yaandikwe, jina lako likiwemo?