Acheni ndugu aingie leba

Wakunga wenzangu mlioko Tanzania, nawaandikia kutoka Leicester, Uingereza, nikiwa na ombi moja: mwanamke mwenye uchungu aruhusiwe kuingia leba na mtu wake. Awe mama yake, dada yake, shangazi, wifi, au mume pale mazingira yanaporuhusu. Yeyote atakayemtaja yeye mwenyewe.

Watu wakiniuliza tofauti ya kuzalisha huku na nyumbani hutarajia niwatajie mashine. Mashine zipo na zinaokoa maisha. Damu ikihitajika inafika, chumba cha upasuaji kiko hatua chache, na mama ambaye uchungu umekolea anakuwa na mkunga wake peke yake. Hili la mwisho nalionea wivu kweli. Nimefanya zamu za usiku katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, mkunga mmoja unakimbia kitanda hadi kitanda: huyu njia imefunguka yote, yule damu inamtoka, wa tatu mtoto katoka na hajalia. Uhaba wa wakunga hautaisha mwaka huu wala ujao, kila mmoja wetu analijua hilo. Lakini kumruhusu ndugu aingie ni jambo linaloweza kuamuliwa kwenye kikao kimoja cha kituo, na gharama yake kubwa ni mapazia.

Kwa asiyewahi kuyaona, nyumbani mambo huwa hivi. Mama analetwa na ndugu zake hadi mlango wa wodi. Wamebeba beseni, kanga, mpira wa kutandika, glovu, chupa ya uji wenye pilipili manga. Muuguzi anapokea vitu, anampokea mama, mlango unafungwa. Bibi aliyezaa watoto wake wote na kuwapokea wajukuu anabaki kwenye benchi la nje. Akisikia sauti ya binti yake anasimama. Sauti ikikatika anasimama pia, maana kimya nacho kinamtisha. Ndani, binti yuko juu ya kitanda cha chuma, kashika ukingo kwa mikono miwili, midomo imemkauka, na wa kumpa funda la maji hayupo. Mkunga anamwona, lakini mkunga ana mikono miwili tu na yote imo ndani ya glovu zenye damu ya mwingine.

Hapa ninapofanya kazi mama huja na watu wake, na hakuna anayeliona jambo hilo kuwa hisani. Mmoja anamsugua kiuno, mwingine anamshikia kikombe, na mimi ninawapa kazi: msimamishe, mtembeze kidogo, niite akisema anasikia kusukuma. Wananiita mapema kuliko mashine.

Siku moja alikuja mama kutoka Kongo ya mashariki, mgeni mjini, mumewe kazini usiku na simu haipokelewi. Mkalimani alikuwa kwenye simu nyingine, kwa hiyo nikaitwa mimi. Nilipomwamkia kwa Kiswahili alinishika mkono, na hakuuachia mpaka mtoto alipotoka. Mwenzangu ndiye aliyepima, ndiye aliyezalisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa pale, kumpangusa uso, kumwambia, “Mama, pumua, mtoto yuko njiani,” na kumsikiliza akimwita mama yake aliye Bukavu. Miaka yote ya chuo na kazi sikuwahi kupangiwa zamu ya kukaa tu na mzazi. Usiku ule niliona kazi hiyo ina uzito gani.

Uzito huo umepimwa pia. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 26 yaliyohusisha zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi mbalimbali. Wanawake waliokuwa na mtu wa kuwasaidia muda wote wa uchungu walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi, na upasuaji ulipungua. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua.

Wananchi wetu wametimiza sehemu yao. Kwa miaka mingi tuliwahimiza waje wajifungulie kituoni, na wamekuja: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha asilimia 63 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya, ule wa 2022 asilimia 81. Katika tafiti hizo hizo vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mafanikio hayo yamewezeshwa na watu wengi, wakiwemo madereva wa mtaani wanaombeba mama usiku kwa mpango wa m-mama mtu akipiga 115. Mwanamke akishafika, ana haki ya kuuliza atapokelewaje.

Na ujuzi upo nyumbani, tusijidharau. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanywa katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, si mbali na hapa nilipo. Mama anawekewa karatasi ya plastiki yenye vipimo inayokusanya damu, mkunga anaona kiasi badala ya kukisia kwa macho, kisha matibabu yote yanatolewa kwa pamoja mara moja. Kuvuja damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao ni wakunga wa kwetu, wakiwa na vitanda vile vile na zamu zile zile ninazozizungumzia.

Kuna watakaosema nimelewa Ulaya. Basi niseme na ya huku. Ripoti za kitaifa za Uingereza zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mwanamke mweusi ana hatari ya kufa kwa uzazi zaidi ya mara mbili ya mwanamke mweupe, katika nchi ambayo matibabu haya hayalipiwi mlangoni. Nalifikiria kila ninapompokea mama anayefanana na dada zangu. Na Machi 2022 ilitoka ripoti ya Donna Ockenden, naye mkunga, kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford: watoto 201 na akina mama tisa wangeweza kupona kama wangepata huduma iliyo bora. Wanawake walisema kuna jambo haliendi sawa na hawakusikilizwa. Uchunguzi ule ulianza 2017 kwa sababu wazazi wa watoto wawili waliofariki walikataa kunyamaza. Ndugu akiwapo chumbani naye huwa na cha kusimulia, maana huona saa ngapi aliitwa nani na nani hakuja.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na wakunga tuambizane ukweli. Tunasema leba ni ndogo, tunasema maambukizi, tunasema vitanda vimesogeleana na mwanamume wa huyu atamwona mke wa yule. Hoja ya vitanda ni ya kweli na nitairudia. Ila chini yake kuna hofu ya kuonwa. Tunaogopa ndugu atasikia jinsi tunavyosema na mama, atapiga video, atatupeleka kwa mganga mfawidhi. Maneno yanayosemwa leba tunayajua: “Ulipoitafuta hiyo mimba hukuniita.” Kofi la paja tunalijua. Yanatoka kwa watu waliochoka, ambao hawajala tangu asubuhi, na bado ni maneno na makofi kwa mwanamke aliyelala uchi akiwa hana wa kumtetea. Kama macho ya mama mkwe yatatufanya tushushe sauti, basi macho hayo yana kazi pale ndani.

Mwaka 2020, wakati wa korona, hospitali za Uingereza zilizuia waume na ndugu wasiingie kwenye vipimo na katika hatua za mwanzo za uchungu. Wenzangu wa hapa wanausimulia muda ule kwa uchungu hadi leo. Wanawake waliambiwa mtoto hana mapigo ya moyo wakiwa peke yao kitandani, mume yuko ndani ya gari maegeshoni. Watu walipiga kelele, kukawa na kampeni, wabunge wakasema. Nikisikia hivyo namkumbuka yule bibi wa kwenye benchi. Jambo ambalo huku liliitwa dharura isiyovumilika, kwetu ndiyo kawaida ya kila siku.

Sasa vitanda. Mkoani Kigoma, kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai na serikali walijaribu kuruhusu wasindikizaji katika baadhi ya vituo. Wanawake wengi walichagua mama zao, mama wakwe na dada, kwa hiyo ile hofu ya wanaume kujaa leba ilipungua yenyewe. Paliwekwa mapazia. Wasindikizaji walielekezwa kazi zao: kufariji, kuleta maji, kumshika mama anapotembea, kumwita mkunga. Hayo ndiyo yanayotumalizia nguvu usiku. Panapokuwa na wanawake wengi kwenye chumba kimoja, anza na kanuni ya msindikizaji mwanamke, kanga safi, mikono iliyonawiwa, simu ibaki nje. Kwenye chumba chenye kitanda kimoja mume naye aingie.

Mama aulizwe mapema, kliniki, anapokaribia wiki ya 36, na aulizwe akiwa peke yake. Huku tunalisisitiza sana hili, kwa sababu wapo wanaopigwa na yuleyule anayewasindikiza, na wapo ambao mama mkwe ndiye uchungu wa pili. Jina liandikwe kwenye kadi ya kliniki ili zamu ya usiku isianze ubishi mlangoni. Akibadili mawazo katikati ya uchungu, akasema huyu atoke aingie mwingine, atolewe kwa heshima, na mkunga ndiye abebe lawama za ukoo ili mzazi asizibebe yeye.