Bakuli lisiloisha: kumpangia paka saa za kula si kumnyima

Mshauri mtu aondoe lile bakuli la punje za chakula kikavu linaloshinda limejaa sakafuni, badala yake ampe paka wake milo ya saa maalumu na chakula laini cha kopo. Jibu la kwanza huwa la huruma: paka atashinda na njaa, amezoea kula anapotaka, na mbona mpaka leo hana shida yoyote? Upande wa pili nao hujibu kwa ukali kwamba chakula kikavu ni sumu na kwamba anayeacha bakuli wazi siku nzima hamjali mnyama wake. Katika kurushiana maneno huko, mambo mawili tofauti huzungumzwa kama jambo moja. Saa ya kula ni swali moja, na aina ya chakula ni swali jingine. La kwanza lina sababu nzito kuliko hata watetezi wake wanavyojua kuzieleza. La pili lina ukweli mwingi pia, ila si wote unaotangazwa.

Kwanza haki itendeke kwa bakuli lililo wazi. Wanaolitetea husema paka si mbwa, hakuumbwa kula mara mbili kwa siku, na hapo wako sahihi. Panya mmoja mdogo ana takriban kalori 30, na paka wa kilo 4 anahitaji kalori 200 hadi 250 kwa siku. Kwa hiyo paka anayejitafutia hula milo midogo midogo mingi, mchana na usiku. Anayesema paka wake hudonoa kidogo, akaenda zake, akarudi baadaye, anaeleza tabia ya asili kabisa.

Kinachosahaulika ni kwamba kila panya yule amewindwa. Paka amenyemelea, amejibanza, amerukia akakosa, ameanza upya. Bakuli wazi limechukua idadi ya milo ya porini likaacha kazi yote iliyokuwa kati ya mlo na mlo. Tena limeweka mbele yake chakula chenye kalori 350 hadi 400 katika kila gramu 100, kisichohitaji hata hatua kumi kukifikia.

Hesabu yake ni ndogo, na ndiyo sababu haimshtui mtu. Chukua kalori 10 tu za ziada kwa siku. Kwa chakula kikavu cha kawaida hizo ni kama gramu 3, punje chache ambazo zikimwagika sakafuni unaweza usizione. Kwa mwaka zinafika kalori 3,650. Kilo moja ya mafuta mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo punje zile zisizoonekana zinakaribia nusu kilo. Mwili wenyewe hupunguza makali kidogo, kwa sababu ukinenepa unatumia nishati zaidi, hivyo ongezeko halisi linaweza kuwa dogo kuliko hesabu ya karatasi. Lakini kwa paka wa kilo 4 nusu kilo ni zaidi ya asilimia 12 ya uzito wake, sawa na mtu wa kilo 70 kuongeza zaidi ya kilo 8. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna siku hata moja ambayo mwenye paka ataona amekosea. Ongeza hapo kwamba paka aliyehasiwa huhitaji nishati pungufu kwa takriban robo, naye mara nyingi huendelea kula kutoka bakuli lilelile, kwa kiasi kilekile, au zaidi kwa sababu hamu ya kula imepanda. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2022 wa chama kinachofuatilia unene wa wanyama wa nyumbani ulikuta asilimia 61 ya paka wana uzito uliopitiliza. Siamini kwamba watu wengi hivyo hawawapendi paka wao. Naamini wengi walilijaza bakuli kwa mapenzi, bila kuwa na njia ya kujua kilicholiwa.

Hapo ndipo upande wa wanaotetea saa za kula haueleweki. Wengi hudhani kupanga saa za kula ni nidhamu, kana kwamba paka anafundishwa adabu. Faida kubwa iko kwingine: mlo wa saa maalumu humfanya mwenye paka aone. Paka ni hodari wa kuficha ugonjwa, na mara nyingi ishara ya kwanza huwa ni hamu ya kula kubadilika. Aliyezoea kufika mbio saa ya chakula, leo akaja polepole, akanusa, akageuza kichwa, amesema jambo. Anayetafuna kwa upande mmoja huku punje zikimdondoka mdomoni, au anayekimbilia sahani kisha akarudi nyuma baada ya kuonja, pengine ana jino bovu au fizi zinazouma. Haya yote huonekana ukiwa umesimama pale wakati anakula. Kwenye bakuli linalojazwa kila jioni hayaonekani, na kama paka wako wawili au watatu ndiyo kabisa, kwa sababu mmoja akiacha kula mwenzake atammalizia na bakuli litaonekana vilevile.

Kuchelewa kuona kuna gharama. Paka, hasa mnene, akikaa bila kula hata siku mbili tatu, mafuta huanza kujikusanya kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ni ugonjwa unaoua, na tiba yake mara nyingi ni kulishwa kwa mrija kwa wiki kadhaa. Nyumba yenye milo miwili hugundua jioni ileile. Nyumba yenye bakuli wazi inaweza kugundua siku ya tatu.

Sasa ni mara ngapi kwa siku? Mwaka 2018 chama cha madaktari wa paka cha Marekani kilitoa tamko likishauri milo midogo ya mara kwa mara, vifaa vinavyomfanya paka atafute chakula chake, na kila paka apewe sehemu yake ya kulia. Miaka miwili baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha matokeo yaliyoonekana kupinga hayo: paka waliolishwa mara moja kwa siku walikuwa na viwango vya juu vya homoni za shibe kuliko walipolishwa mara nne. Habari ile ilisambaa sana, ila ikumbukwe kwamba paka wenyewe walikuwa wanane, na kila mpango ulijaribiwa kwa wiki tatu. Isitoshe, walipolishwa mara nne walijongea zaidi, na kwa paka wa ndani hilo si dogo. Kwa maoni yangu ugomvi wa mara moja au mara nne ni wa pembeni. Pande zote mbili zinaanza na chakula kilichopimwa kwa siku nzima. Kikipimwa kwa mizani badala ya kikombe, maana kikombe hudanganya, unaweza kukigawa mara mbili, mara nne, au ukakificha vyumbani akakitafute.

Lalamiko lenye uzito kweli ni kelele za alfajiri. Paka aliyeondolewa bakuli hujifunza haraka nani ana ufunguo wa chakula, na saa kumi usiku anakukanyaga kifuani. Watu wengi hukata tamaa hapo, na siwalaumu. Mlo mdogo wa mwisho kabla ya kulala husaidia. Chombo kinachofunguka chenyewe kwa saa husaidia zaidi, kwa sababu paka huanza kukisumbua chombo akakuacha wewe. La muhimu kuliko yote ni kutompa chakula mara tu unapoinuka kitandani; oga kwanza, fanya shughuli zako, ili kuamka kwako kusiwe ishara ya kula. Wapo pia ambao mpango huu hauwafai vizuri. Paka aliyewahi kuishi kwa njaa anaweza kubugia chakula kwa hofu na kukitapika, naye anahitaji milo mingi midogo sana. Vitoto vya paka na mama anayenyonyesha waachiwe chakula. Na paka mzima anayejua kiasi chake mwenyewe yupo kweli. Kama mizani imeonyesha uzito uleule mwaka hadi mwaka, na mbavu zake unazihisi kwa urahisi ukimpapasa, sioni haja ya kumvuruga.

Kwenye chakula laini, hoja nzito ni maji. Chakula cha kopo huwa na maji asilimia 75 hadi 80, kikavu kama asilimia 10, na panya karibu asilimia 70. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kavu aliyepata sehemu kubwa ya maji yake ndani ya mawindo, na mpaka leo kiu yake ni hafifu. Anayekula punje hunywa zaidi, lakini kwa jumla bado huingiza maji machache kuliko anayekula chakula laini, na mkojo wake huwa mzito zaidi. Kwa paka dume jambo hili linaweza kuwa la kufa na kupona: njia yake ya mkojo ni nyembamba, ikizibwa na fuwele au utando kibofu hujaa na sumu kurudi kwenye damu, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Dume anayeingia na kutoka kwenye boksi la mchanga, anachuchumaa, analia, halafu hakuna kinachotoka, apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo.

Lakini chakula laini kimebebeshwa sifa zisizo zake. Haijathibitishwa kwamba punje ndizo zinazoleta ugonjwa wa figo uzeeni. Zipo tafiti zilizoona ugonjwa wa tezi ya shingo ukiwapata zaidi paka wanaokula chakula cha makopo. Sababu haijathibitishwa, lakini anayelaani punje kwa ushahidi wa aina hiyohiyo hana budi kulitaja na hili. Wala neno kopo halina maana ya lishe kamili. Mwaka 1987 ilibainika kwamba paka walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo kwa kupungukiwa kirutubisho kiitwacho taurini, na vyakula vya kiwandani vilikuwa miongoni mwa vilivyokuwa na upungufu huo. Kwa hiyo angalia kama kopo limeandikwa kuwa ni chakula kamili, maana mengine ni kitoweo tu. Kwa upande wa pili, ile sifa ya punje kusafisha meno nayo ni dhaifu: nyingi huvunjika jino likizigusa tu, isipokuwa zile zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo.

Maswali haya mawili yameunganishwa kwa sababu ya kawaida sana: chakula laini hakiwezi kukaa nje siku nzima, kwa hiyo anayekichagua amechagua na saa za kula. Kinyume chake si lazima. Anayeshindwa gharama ya makopo, au ambaye paka wake amekulia punje na hataki kitu kingine, anaweza kupanga saa, akapima punje, akazitia maji vuguvugu, na atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida niliyoieleza. Ndiyo maana namshauri mtu aanze na saa, aina ifuate baadaye. Aina ibadilishwe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, na kwa paka mbishi hata kwa wiki kadhaa, chakula laini kikiwa na joto kama la mwili. Ule ushauri kwamba njaa ikizidi atakula tu ni wa hatari, kwa sababu ya lile ini. Akipitisha siku nzima bila kula chochote, mrudishie chakula alichozoea na umpigie daktari wa mifugo.

Paka wa kisukari anayechomwa insulini asibadilishiwe chakula bila daktari kujua. Makopo mengi yana wanga kidogo kuliko punje. Sukari yake inaweza kushuka, na dozi iliyokuwa sahihi jana ikawa nyingi mno leo. Kwa mnene asiye na ugonjwa, mpime kila baada ya wiki mbili, hata kwa kusimama naye kwenye mizani kisha kutoa uzito wako. Apungue kati ya asilimia nusu na 2 kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6 hizo ni gramu 30 hadi 120. Zikizidi hapo, mwongezee chakula.