Mchoro uuze, mhusika abaki wako

Wenzangu tunaochora vibonzo kwa oda, kuna jambo ambalo huwa tunalizungumza pembeni tu, baada ya kazi kwisha na hasira kupanda: nani mwenye mhusika uliyemchora? Msimamo wangu ni huu. Mteja akikupa kazi, unamuuzia matumizi ya michoro ile aliyoiagiza. Mhusika mwenyewe, yaani sura yake, jina lake, namna anavyosema na vituko vyake, anabaki wako. Mteja akimtaka mzima mzima, hiyo ni biashara nyingine, na izungumzwe hivyo, kwa bei yake.

Waliotutangulia walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, nacho ni ukurasa wa kudumu. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na mtu aliyekuwa hasomi habari yoyote ya siasa alilifungua gazeti kumtafuta Juha. Upande wa Tanzania, Christian Gregory alikuwa na Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na jarida la Sani likawapa watu Ndumilakuwili na Lodi Lofa, majina ambayo watu wazima wa leo bado wanayatamka kama majina ya jirani. Gado aliyaacha masomo ya usanifu majengo Dar es Salaam mwaka 1992 akaja Nairobi kuajiriwa na gazeti. Mchoraji wa aina hiyo alikuwa na mshahara, lakini zaidi ya mshahara alikuwa na msomaji aliyejua kesho atamkuta wapi.

Anayeanza leo hapewi ukurasa. Anapewa kazi moja moja: shirika linataka bango la usafi wa maji, mchapishaji anataka picha za kitabu cha Gredi ya Nne, kampuni inataka kalenda, bwana harusi anataka wachorwe yeye na mkewe wakiwa juu ya pikipiki. Hizi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, na sizidharau hata moja. Nimejifunza kuchora mikono vizuri kwa sababu ya mabango ya kunawa mikono.

Kazi huanza kwa ujumbe wa WhatsApp: kijitabu cha kurasa 12 kuhusu chanjo, kinatakiwa wiki ijayo. Unachora rasimu ya penseli, unaituma, halafu inaingia kwenye kamati. Daktari anataka sindano ishikwe inavyoshikwa hospitalini, na ana haki kabisa. Afisa wa mawasiliano anataka nembo ikuzwe. Mfadhili anataka baba naye aonekane amembeba mtoto, na hapo pia nakubali, maana picha ya baba kliniki huwafanya watu wasimame waangalie. Lakini kila mmoja akishasema lake, ule uso uliokuwa na uchokozi kidogo umepigwa pasi ukawa uso wa bango. Ndiyo maana huweka masahihisho mawili kwenye bei, na la tatu linalipiwa. Nusu ya malipo iingie kabla sijafungua wino.

Nusu iliyobaki ndiyo hutesa. Unapewa LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, unaambiwa malipo ni baada ya siku 60, zinakuwa 90. Mteja anataka invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya namna hiyo haimsaidii mbele ya KRA. Anakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Haya yote ni sawa, ni sheria, na mchoraji anayejiita mfanyabiashara ayajue. Tatizo ni kwamba tunayajua haya ya kodi barabara na ile karatasi inayosema nani mwenye mchoro hatuisomi.

Kwenye mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto, nilimbuni mama wa Kimvita, wa Mombasa, nikamwita Bi Mwanatumu. Leso moja kiunoni, ya pili mabegani, mkono mmoja umeshika ncha ya ile ya juu kama watu wa kwetu wanavyofanya wakitaka kusema jambo zito. Alikuwa akibishana na kila mtu: mkunga, mumewe, mwenye duka la dawa, hata imamu. Mtaani walimpenda. Akina mama walikuwa wakisema, "Huyu ni shangazi yangu hasa." Mradi ulikwisha, pesa nikalipwa zote, na Bi Mwanatumu akabaki kwa mwenye mradi. Baadaye nilimwona kwenye fulana, kisha ubavuni mwa gari, kisha kwenye kijitabu cha mambo mengine kabisa, amechorwa na mkono mwingine. Leso ya juu ilikuwa imefungwa kama taulo la mtu atokaye kuoga. Maneno yake yalikuwa ya semina. Yule mama niliyemjua hakuwamo.

Hapo ndipo nilipoisoma sheria kwa makini, na ningeomba kila mchoraji wa Kenya aisome. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vinginevyo. Soma tena hapo penye "isipokuwa". Maana yake ni kwamba ukinyamaza, umeuza. Mteja hakukuibia, wala hakukudanganya. Sheria imemjazia pengo uliloacha. Kinachobaki kwako ni haki ya kutambuliwa kuwa ndiye uliyechora na haki ya kupinga kazi yako ikiharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Ni haki nzuri, lakini hazikupi ruhusa ya kumchapisha Bi Mwanatumu kwenye kitabu chako mwenyewe.

Kwenye vitabu vya shule jambo hili ni kubwa zaidi, na sijui kwa nini hatupigi kelele. Tangu 2018 serikali ya Kenya hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, mwanafunzi kwa kitabu. Kitabu kilichokubaliwa kinachapwa kwa wingi ambao zamani mchapishaji hakuuota. Mwandishi ana mrabaha wake, yaani fungu lake la mauzo. Mchoraji, ambaye bila yeye mtoto wa Gredi ya Kwanza hana anachokisoma kwenye ukurasa ule, kwa kawaida amelipwa kwa picha, mara moja, na mambo yamekwisha. Sisemi mchoraji apewe sawa na mwandishi. Nasema kitabu kikichapwa upya, apigiwe simu.

Sasa niwaeleze kwa nini naliona jambo hili kwa uchungu zaidi kwenye matamasha kuliko ofisini kwa wateja.

Nairobi siku hizi ina matamasha ya vibonzo, anime (katuni za Kijapani) na michezo ya video, NAICCON ikiwa moja inayojulikana sana, na miji mingine ina maonyesho ya vitabu na sanaa ambako mchoraji anaweza kupata meza. Vijana wanakuja wamevaa kama wahusika wanaowapenda, upanga wa kadibodi mgongoni, nywele za buluu, na wamejishonea wenyewe. Wewe una meza, kitambaa, stendi ya waya, namba ya till ya M-Pesa iliyochapwa kubwa, na vitu vyako: stika, picha za A4, na kijitabu ulichochapisha kwa wachapaji wa River Road, Nairobi. Kijitabu cha kushonwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, hivyo hadithi yako ya kurasa 18 ama unaikata iwe 16 ama unaijaza ifike 20. Ndani nyeusi na nyeupe, jalada la rangi. Hapo ndipo faida ilipo, kama ipo.

Asubuhi watu hupita wakitazama tu. Mchana kijana anasimama anauliza kama una Naruto, yule wa anime. Ukiwa naye unauza, na sitamlaumu mchoraji anayechora wahusika wa watu wengine ili arudi na nauli. Hata mimi nina Goku kwenye folda. Lakini mwangalie yule kijana baada ya kununua. Jicho lake linashuka kwenye kijitabu kilicho kando, anaona kondakta wa matatu anayeongea kama kondakta wa matatu, anasoma kiputo cha kwanza, anacheka, anamwita mwenzake. Hapo umepata msomaji. Watengenezaji wa katuni ya Shujaaz walilionyesha hili tangu 2010: wape vijana wa Kenya katuni yenye lugha yao na maisha yao, ifike mahali walipo, wataisoma. Na kabla ya hapo Sasa Sema walikuwa wameanza Nairobi mwaka 1996 kuchapisha vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Wasomaji wapo. Wanachokosa ni kumkuta mhusika yuleyule mwaka ujao, na mwaka unaofuata.

Kazi ya papo kwa papo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtoto anakaa kwenye kiti cha plastiki, anakaza uso kama anapigwa picha ya pasipoti. Simwanzi kwa macho. Naanza umbo la kichwa, halafu paji, halafu kile kitu kimoja ambacho mama yake angemtambulia gizani: kwa huyu ni masikio, kwa yule ni pengo la meno. Kwa mtoto sikuzi meno kupita kiasi. Atakwenda nayo shuleni kesho. Brashi ya wino, kadi ngumu, dakika chache, na mtoto hawezi kungoja ukauke.

Kwenye maonyesho fulani Mombasa, alisimama mbele ya meza yangu mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia, akakiinua kijitabu kimoja akakirudisha. "Mwanangu, yule mama wa chanjo, yule mwenye mdomo, si wewe uliyekuwa ukimchora?" Nikamwambia ni mimi. "Basi nipe chake, nimpelekee mjukuu wangu." Ilinibidi nimweleze kuwa sina ruhusa ya kumuuza. "Wamzaa wewe, na huna ruhusa naye?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, na sikuwa na jibu la kumtosha. Alinunua stika ya dau, nadhani kwa huruma.

Kwenye meza ya tamasha unauza kile kilicho chako tu. Kazi zako zote za mwaka, zile zilizokutoa jasho na kukupa jina, haziwezi kukaa pale kama haki zake zimeondoka. Ndiyo maana mchoraji aliyechora mabango ya nchi nzima anafika kwenye tamasha akiwa na Naruto peke yake.

Waandaaji nao nina neno nao. Bei ya meza ya mchoraji anayeuza stika isilingane na ya kibanda cha kampuni ya simu. Mkimwalika mtu awafundishe vijana kuchora kwa saa mbili jukwaani, hiyo ni kazi. Mlipeni, pamoja na nauli na malazi. Maneno ya "utajulikana" hayanunui tikiti ya basi la Mombasa. Hata Angoulême kule Ufaransa, tamasha lililoanza 1974 na lenye heshima ya dunia nzima, wachoraji wamelalamika miaka mingi kuwa wanakaa saa nyingi wakitia saini na kuchorea wasomaji bure huku vitabu vikiuzwa mbele yao. Wenzetu wa huko wameungana na wakasikika. Sisi tunalalamika mmoja mmoja kwenye DM.

Najua pingamizi litakalokuja: ukianza habari za hakimiliki, mteja anakwenda kwa mchoraji mwingine. Wengine watakwenda, ndiyo. Lakini wateja wengi ninaokutana nao hawamtaki mhusika. Wanataka kijitabu kitoke kabla mradi haujafungwa. Mkataba wao umenakiliwa kutoka kwenye mkataba wa mshauri wa mazingira au fundi wa kompyuta, na aliyeutuma hajawahi kuulizwa swali juu yake. Ukiuliza kwa adabu, mapema, mara nyingi anasema sawa, andika unavyotaka tuone. Na anayetaka kila kitu, mpe bei mbili kwenye karatasi moja: bei ya matumizi, na bei ya kuuza moja kwa moja, ambayo iwe mara kadhaa ya ile ya kwanza. Kijana ambaye kodi ya nyumba imemfika shingoni akachagua ya pili, simlaumu. Angalau atakuwa amelipwa kwa alichokiuza.

Maneno ninayoyatumia ni haya, na ayachukue anayeyataka: "Mchoraji anabaki mwenye hakimiliki ya michoro na wahusika wote. Mteja ana ruhusa ya kuitumia michoro hii kwenye kijitabu na mabango ya mradi huu, nchini Kenya, kwa miaka miwili. Matumizi mengine, pamoja na kuchorwa upya na mtu mwingine, yatakubaliwa kwa maandishi na kulipiwa kando." Badilisha miaka, nchi na aina ya kazi kulingana na oda yenyewe. Itume pamoja na bei, siku ileile unayotuma bei, mteja aitie saini kabla ya rasimu ya kwanza. Ukingoja hadi kijitabu kiko kwa mchapaji, kifungu cha 31 kimeshafanya kazi yake.